Kisu Kigumu na Fimbo Yake

Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa muda mrefu niliiona imekamilika. Siku hizi naiona ina upungufu mmoja: inamsifu mwenye kisu kikali, lakini haisemi lolote juu ya kazi ya kukifanya kibaki kikali baada ya nyama kuliwa. Upungufu huo ulikuwa wangu pia, na ulinigharimu.

Kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu, aliishi Marekani miaka mingi. Alipokuja likizo mara ya mwisho aliniletea kisu cha kukunja, cha kutia mfukoni, ambacho bapa lake halizidi urefu wa kidole cha kati. Ubavuni paliandikwa kwa herufi ndogo: CPM S30V. Alinieleza kuwa hilo ni jina la chuma, wala si la kisu. Kwa miezi kadhaa nilimenyea machungwa, nikakatia kamba na kufungulia maboksi, nacho kilikata kama wembe. Kilipoanza kuwa butu, nilikwenda kwa mwenye bucha wa mtaani kwetu, maana kila siku nilikuwa nikimwona akipitisha kisu chake kwenye fimbo ndefu ya chuma yenye mifereji, huku na huku mara tatu nne, na nyama ikiachana bila ubishi. Alikishika kisu changu, akakigeuza, akanirudishia. “Mzee wangu,” akasema, “mimi nanoa kisu cha nyama. Hiki chako sikijui.”

Nilidhani ni mtu asiyejua mambo. Nikanunua fimbo kama yake, nikanoa mwenyewe kwa bidii na kwa nguvu, nikiufurahia mlio wake. Baada ya majuma machache nilikitazama kisu juani na kuona makali yana mapengo madogo madogo, kama ukingo wa karatasi uliotafunwa na panya. Wakati huo kaka alikwisha kufariki.

Basi naomba msomaji anivumilie nikizihukumu fimbo hizi moja moja, kwani hukumu yangu ya kwanza ilikuwa mbovu.

Nianze na fimbo ya chuma. Visu vingi vya kazi ya nyama na vya jikoni hutengenezwa kwa chuma laini kiasi. Kwa kipimo cha Rockwell, ambacho ndicho hutumika kupima ugumu wa chuma, huwa karibu na 55 au 56. Makali ya chuma cha namna hiyo yakigonga mfupa au ubao hupinda kabla ya kumeguka, na kazi kubwa ya fimbo ni kuyanyoosha. Kwa hiyo mwenye bucha hakosei hata kidogo. Lakini S30V, ambacho kampuni ya Crucible ya Marekani ilikitoa mwaka 2001 kwa ajili ya visu, kwa kawaida hufikia 58 hadi 61. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, ila tabia yake ni nyingine. Makali haya hayapindi kwa urahisi. Huchakaa polepole, na yakilazimishwa humeguka. Fimbo ya chuma hapa haina kikubwa cha kunyoosha, na mifereji yake huyakwaruza makali kama meno ya tupa.

Zaidi ya hayo, ndani ya chuma hiki mna takriban asilimia 1.45 ya kaboni na asilimia 4 ya vanadi. Viwili hivyo huungana na kufanya chembe ndogo sana, kabidi za vanadi, ambazo ni ngumu kupita chuma chenyewe kinachozishika. Ndizo zinazokifanya kisu kikae na makali muda mrefu, na ndizo zinazokifanya kiwe mkaidi siku ya kunolewa. Sifa na kero vimetoka mfuko mmoja.

Fimbo ya kauri ndiyo ya pili. Nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya alumini, ambayo ni ngumu kupita chuma cha kisu, ingawa si ngumu kupita kabidi za vanadi. Kwa sababu hiyo huila ile sehemu ya chuma inayozizunguka chembe hizo, na kazi huenda taratibu. Wauzaji hupenda kusema kuwa fimbo ya kauri inafaa kwa kila kisu na kila hali. Sikubaliani nao. Kisu cha S30V kilichokwisha kuwa butu kabisa kitakuchosha mkono kabla hakijarudi. Lakini kisu ambacho kimeanza tu kupoteza ukali wake, fimbo laini ya kauri hukirudisha kwa mapitisho machache, na chuma kinachopotea ni kidogo mno. Haihitaji maji wala mafuta. Ikigeuka nyeusi kwa vumbi la chuma, isugue kwa sabuni ya unga ya kusugulia masufuria, nayo itarejea hali yake.

Ya tatu ni fimbo iliyopakwa chembe za almasi. Hakuna kabidi inayoshindana na almasi, na hiyo ndiyo hatari yake. Hula haraka, na ikiwa mpya tena ya chembe nene huacha mikwaruzo mirefu. Ni dawa ya kisu kilichozidiwa, na dawa hainywewi kila siku kama chai. Ukiinunua, chagua ya chembe ndogo.

Liko jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye boksi la fimbo niliyonunua, nalo ni uzito wa mkono. Kisu kinapokutana na fimbo ya mviringo, hugusana mahali padogo sana. Nguvu ndogo ya mkono, ikikusanyika mahali hapo, huwa kubwa kwa makali. Mapengo ya kisu changu yalitokana na mkono wangu kama yalivyotokana na fimbo. Uzito wa kisu chenyewe karibu unatosha.

Na pembe lazima iwe ile ile. Mimi hupaka makali wino wa maka peni, kisha nikapitisha kisu mara moja kila upande. Wino ukifutika hadi ukingoni, pembe ni sahihi. Ukifutika juu tu, nimekilaza mno. Asiyeuamini mkono wake atafute kifaa ambacho fimbo mbili husimama zikiwa zimeinama, kama kile cha Spyderco, chenye pembe za nyuzi 15 na 20 kwa kila upande. Hapo kazi ya mkono ni kushusha kisu wima tu. Kwa kisu cha mfukoni hapana haja ya fimbo ndefu ya kupungia hewani. Ya urefu wa shibiri moja inatosha.

Kosa langu, basi, lilikuwa kuipima fimbo kwa kasi yake, kwa mlio wake na kwa vumbi la chuma inaloliacha. Fimbo ya kutunzia kisu ipimwe kwa uchache wa inachokiondoa. Kwa chuma kigumu, nachagua kauri laini mara kwa mara, almasi kwa nadra, na ile ya chuma nimempa mke wangu kwa visu vya jikoni, ambako inafanya kazi yake vizuri.

Mapengo yale niliyaondoa kwa kinoo cha almasi, jioni tatu. Bapa limepungua upana, na aliyekijua kisu hicho kikiwa kipya ataona. Mwenye bucha nilimrudia nikamwomba radhi. Alicheka, akaniambia kuwa hata yeye hukipeleka kisu chake kwenye jiwe, ila wateja hawamwoni.