Nani Anayemdekeza Mtoto? Uchambuzi wa Vichekesho vya Familia vya Televisheni ya Marekani

Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Usemi huo hutolewa kila inapozungumzwa michezo ya kuchekesha ya familia inayotoka Marekani, ile ambayo mtoto hujibizana na baba yake mbele ya wageni, mama hutabasamu, na umati usioonekana hupasuka kwa kicheko. Husemwa kwamba michezo hiyo inafundisha malezi ya kudekeza, na kwamba chanzo chake ni wazazi wa huko waliolegea. Sehemu ya kwanza ya madai hayo naikubali. Sehemu ya pili ni ya juujuu, na kada anayeikariri bila kuichambua anafanya ukasuku. Hapana budi tuulize: ni nani hasa anayemdekeza mtoto katika michezo hii? Ni mzazi anayeonekana kwenye kioo, au ni mwenye mchezo ambaye haonekani?

Tuchukue mfano ulio wazi. Februari 1974 shirika la CBS lilianza kuonyesha mchezo uitwao Good Times, chini ya mtayarishaji Norman Lear. Ulihusu familia ya Evans, Wamarekani Weusi wanaoishi katika nyumba za umma huko Chicago: baba James, mama Florida, na watoto watatu, J.J., Thelma na Michael. Florida alikuwa ametokea katika mchezo mwingine, Maude, ambako alikuwa mtumishi wa nyumbani. Alipotakiwa awe na mchezo wake mwenyewe, mwigizaji Esther Rolle alishikilia sharti moja: lazima nyumba hiyo iwe na baba. Hakutaka kuigiza mama Mweusi anayehangaika peke yake na watoto, kana kwamba hiyo ndiyo sura pekee ya familia ya Weusi wa Marekani. Sharti likakubaliwa, na John Amos akapewa nafasi ya James.

James Evans hakuwa mzazi legelege hata kidogo. Asubuhi anatoka kutafuta kibarua, jioni anarudi amechoka, na mtoto anayevuka mpaka anajua kwamba mkanda upo. (Sisemi kwamba mkanda ndio malezi, jambo hilo nitalirudia.) Lakini utundu wa watoto haukuwa adui yake mkubwa. Katika mfululizo wa mwaka wa kwanza ananyimwa nafasi ya kujifunza kazi kwa sababu umri wake umepita kiwango kilichowekwa. Katika kipindi kingine familia yake inakabiliwa na kutolewa nje kwa ajili ya kodi. Hapo ndipo mchezo ulipokuwa na nguvu ya kweli, kwani ulionyesha baba anayetaka kuwaongoza wanawe huku mfumo ukimnyang'anya, siku baada ya siku, kile ambacho angewaongozea.

Sasa tazama kilichofuata. J.J., kijana mrefu mwembamba aliyeigizwa na Jimmie Walker, alikuwa mtoto wa kwanza, mwenye majivuno mengi na bidii ndogo, mwenye kofia yake na ukelele wake wa "Dynamite!". Watazamaji waliupenda ukelele huo. Basi ukawa bidhaa. Ukawa unatarajiwa katika kila kipindi, na mwanasesere wa J.J. akauzwa madukani. Michael, yule mdogo anayezungumza habari za haki za watu wake, na Thelma, msichana mwenye akili ya masomo, wakasogezwa pembeni. Mwaka 1975 Esther Rolle alilalamika hadharani, katika jarida la Ebony, kwamba mtoto wake wa mchezoni ana miaka kumi na minane, hana kazi, hajui kusoma wala kuandika, na kila mwaka anafanywa mjinga zaidi. John Amos naye akabishana na waandishi wa mchezo, ambao wengi wao walikuwa Wazungu, akisema kwamba nyumba hii ina watoto wengine wawili wenye matumaini makubwa, kwa nini kila kitu kinakwenda kwa huyu wa kofia? Jibu alilolipata ni kuachishwa kazi. Septemba 1976 watazamaji waliarifiwa kwamba James amekwenda Mississippi kuhangaikia kazi ya gereji, na kwamba amefariki huko katika ajali ya gari.

Ndugu msomaji, tafadhali usilipite jambo hili haraka. Hadithi yenyewe haikumhitaji James afe. Mfanyakazi aliyemwigiza ndiye aliyefukuzwa, na baba akazikwa ili kufukuzwa huko kupate maelezo. Wahakiki wanaolaumu "baba dhaifu wa televisheni" wanasahau kwamba katika nyumba hii baba alikuwa imara, na uimara huo ndio uliomponza.

Kwa nini? Kwa sababu televisheni ya kibiashara haimuuzii mtazamaji mchezo. Inamuuza mtazamaji mwenyewe, macho na masikio yake, kwa wenye matangazo ya sabuni na magari. Mtoto asiye na adabu huleta kicheko upesi na kwa gharama ndogo. Baba anayeonya hukisimamisha kicheko, maana onyo hutaka watu wanyamaze. Katika hesabu za muuzaji, ukimya ni hasara. Nimeliona hilo kwa macho yangu nilipowaonyesha wanachuo wangu vipindi viwili vya mchezo huu. J.J. alipoingia walicheka kabla hajafungua kinywa. James alipozungumza, wawili walitoka nje kupiga simu. Wanachuo hao si watu wapuuzi, ila nao wameshazoezwa.

Wapo watakaonijibu kwa The Cosby Show, iliyoonyeshwa na NBC kuanzia Septemba 1984 hadi 1992. Watasema, hapa pana baba Mweusi aliyetulia, asiyedekeza, na mchezo uliongoza kwa kupendwa. Ni kweli, na kipindi cha kwanza kina jambo la kufundisha. Kijana Theo analeta matokeo mabaya ya shule, kisha anatoa hotuba ya kugusa moyo: baba ampende jinsi alivyo, hata kama hatafanikiwa kama wazazi wake. Watazamaji waliokuwa ukumbini wakampigia makofi. Walidhani wanajua mchezo unakokwenda, maana vichekesho vilivyotangulia vilikuwa vimewafundisha kwamba mtoto akisema kwa uchungu, ameshinda. Baba anamjibu kwamba maneno hayo ni upuuzi mtupu. Papo hapo kicheko kikahamia kwa baba. Ni kazi nzuri, na nampongeza aliyeiandika.

Lakini tuiangalie nyumba yenyewe. Baba ni daktari, mama ni mwanasheria. Chumba cha kutibia wagonjwa kiko chini ya nyumba hiyohiyo, kwa hiyo baba hutoka kazini kwa kupanda ngazi. Anapomfundisha Theo gharama za maisha, anatumia noti za mchezo wa Monopoly. James angetumia noti gani? Uthabiti wa mzazi umeonyeshwa hapa kama tunda la tabia njema, kumbe umesimama juu ya muda, nafasi na kipato. Mtazamaji wa tabaka la chini anaambiwa kimyakimya kwamba watoto wake wakiharibika, kosa ni lake. (Habari za Bill Cosby mwenyewe, aliyetiwa hatiani mwaka 2018 kwa kumdhulumu mwanamke na hukumu hiyo kufutwa mwaka 2021, zinatukumbusha tusimchukue mwigizaji kuwa ndiye mzazi anayemwigiza.)

Hata hilo neno la kudekeza lina historia yake ya kisiasa. Daktari Benjamin Spock alitoa kitabu chake maarufu cha malezi mwaka 1946, na mamilioni ya wazazi wa Marekani wakakifuata. Lawama kali kwamba amelea kizazi kilichodekezwa zilimjia hasa mwishoni mwa miaka ya 1960, alipojitokeza kuipinga vita ya Vietnam, na miongoni mwa waliozipaza alikuwamo Spiro Agnew, Makamu wa Rais. Vijana waliokataa kwenda kuua wakaitwa watoto waliokosa kuchapwa.

Nirudi kwenye mkanda, maana nimeahidi. Rolle aliondoka mwaka 1977, na mfululizo uliofuata ukaendelea bila baba wala mama, watoto wakiangaliwa na jirani, Willona. Ni katika mfululizo huohuo alipoletwa Penny, aliyeigizwa na Janet Jackson akiwa bado mtoto, msichana ambaye mama yake anamchoma kwa pasi. Waandishi walijua kabisa tofauti kati ya ukatili na uongozi. Walipotaka, waliionyesha kwa uchungu na ustadi. Wala Rolle hakudai J.J. achapwe. Alipokubali kurudi mwaka 1978, miongoni mwa masharti yake lilikuwamo hili: J.J. afanywe mtu wa kuheshimika zaidi. Mchezo ulikwisha mwaka 1979, na katika kipindi cha mwisho J.J. anapata kazi ya kuchora katuni. Kipaji cha kuchora alikuwa nacho tangu mwaka wa kwanza.