San Jose waliwaacha peke yao wasiopaswa kuachwa

Tarehe 15 Januari 2013 gavana wa California, Jerry Brown, alikaa na Sebastian Thrun wa kampuni ya kozi za mtandaoni ya Udacity na rais wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, Mohammad Qayoumi, wakatangaza kozi tatu za mtandaoni kwa dola 150 kila moja: takwimu za msingi, aljebra ya chuo, na aljebra ya awali, ile ya kuziba mapengo ya sekondari. Mbili za kwanza sina ugomvi nazo. Ya tatu iliniudhi siku ile na inaniudhi mpaka leo. Haikupaswa kuwamo kabisa.

Tazama waliowekwa humo. Katika mfumo wa vyuo vya jimbo hilo, wakati huo aliyeingia na hisabati dhaifu alipewa mwaka mmoja wa kujirekebisha. Akishindwa, aliondoka. Kwetu tungesema disko. Wanafunzi wa San Jose walioandikishwa aljebra ya awali walikuwa wameshafeli kozi hiyohiyo darasani, mwalimu akiwa mbele yao. Sasa dawa waliyoandikiwa ni kumwondoa mwalimu! Wengine walitoka shule moja ya sekondari ya Oakland, na masomo yakiwa yameshaanza ndipo ikagundulika kwamba baadhi yao hawana hata kompyuta ya uhakika.

Tukae kwenye somo lenyewe, maana hapa ndipo uamuzi ulipoharibikia. Mwanafunzi anaandika kwamba (a + b)² ni a² + b². Video fupi inasimama, swali linatokea, anajibu, anaambiwa amekosea. Anajaribu tena. Akibahatisha vya kutosha atapita, na kosa analo bado kichwani. Mwalimu aliyesimama begani kwake angesema: weka 3 na 4. Mraba wa 7 ni 49. 9 na 16 ni 25. Hizo 24 zimekwenda wapi? Halafu angenyamaza na kumwacha ahangaike nazo, mpaka aione 2ab kwa macho yake. Ukimya ule ndio ufundishaji, nao unahitaji mtu anayesoma uso wa mtu. Msaada wa mtandaoni ulikuwepo, lakini ilibidi uuombe, na aliyebaki nyuma huwa wa mwisho kuomba. Ana aibu, tena mara nyingi hajui aulize nini.

Kinachouma zaidi ni kwamba ushahidi walikuwa nao mkononi. Muhula uliotangulia, chuo hichohicho kilichukua mihadhara ya MIT ya somo la saketi za umeme kupitia jukwaa la mtandaoni la edX. Wanafunzi waliitazama nyumbani, kisha darasani wakakokotoa maswali kwa makundi, mwalimu wao akizunguka kati yao. Wakafaulu asilimia 91, wakati madarasa ya kawaida hayakufika 60. Video zilikuwepo vilevile, lakini mtu hakuondolewa. Wanafunzi wa uhandisi walipewa mwalimu na video; wiki chache baadaye, wale dhaifu kuliko wote wakapewa video peke yake.

Sikatai: video za Udacity zilitengenezwa vizuri, na kozi ya takwimu ilistahili kujaribiwa.

Lakini nimeshaandika haya mara nyingi na nitaendelea kuyaandika: darasa la wanaoanza ndilo hupewa aliyeajiriwa jana, au asiyetaka kuwa pale. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, mkufunzi wa semina ya kalkulasi alituachia karatasi za majibu mlangoni akaenda zake. Tukadesa. Tuliookoka sapu ni tuliokuwa na diskasheni kwenye vimbweta usiku, ambako mwenzako hakuachi upite na jibu usilolielewa.

Kwenye ghuba hiyohiyo ya San Francisco, pale chuo kikuu cha Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alikuwa ameshalionyesha jambo hili tangu miaka ya 1970. Wahadhiri wa huko walidai kwamba wanafunzi Weusi wanashindwa kalkulasi kwa kukosa ari, au kwa sababu ya familia zao. Treisman hakubishana nao. Alichukua wanafunzi 20 Weusi na 20 wenye asili ya Kichina, akawafuata kwa miezi na miezi aone wanasomaje. Wale wa kwanza walijitahidi sana, lakini kila mmoja peke yake. Wale wa pili walisoma, kisha wakakutana, wakasahihishana na kuulizana. Basi akaanzisha makundi, na hakuyafanya ya kujazia mapengo: aliyaita ya wanaotafuta ubora, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani. Wanafunzi waliokuwa wakitabiriwa kuanguka wakaanza kupata alama za juu. Treisman ndiye aliyenijia kichwani Thrun alipokuwa akizungumza kuhusu gharama.

Muhula ulipokwisha, takwimu walifaulu takriban nusu. Aljebra ya awali hawakufika robo. Mwezi Julai mpango ukasimamishwa, na baadaye Thrun mwenyewe akakiri kwa jarida la Fast Company kwamba bidhaa yao ilikuwa duni.

Kozi za majira ya joto zilikuwa zimeshaanza, na safari hii milango ilifunguliwa kwa yeyote. Zaidi ya nusu ya walioingia walikuwa na shahada tayari. Kiwango cha kufaulu takwimu kikapanda hadi asilimia 83, watu wakashangilia. Aljebra ya awali ilipata 29.8.