Karamu Mbili za Umuofia

Riwaya ya Chinua Achebe iitwayo No Longer at Ease, iliyotolewa mwaka 1960 na baadaye kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, mara nyingi hufundishwa kuwa ni kisa cha kijana aliyepotezwa na Uzungu. Obi Okonkwo aenda Uingereza kusoma, arudi Nigeria, ala rushwa, afikishwa mahakamani. Mwanafunzi huandika kwamba mkataa kwao mtumwa, akafunga daftari. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mwandishi ametuandalia karamu mbili, moja ya kumuaga Obi na moja ya kumlaki, na asiyezisoma kwa pamoja hawezi kujua kijana huyu alikwama wapi.

Karamu ya kuaga yafanyika kijijini, nyumbani kwa baba yake, mzee Isaac. Watu wala, wasali. Mchungaji akumbusha kwamba zamani Umuofia ingalimtaka kijana wake aende vitani na kurudi na vichwa vya maadui. Sasa yamtuma akalete elimu. Wanakijiji, ambao kwao fedha ni adimu, wamkabidhi vijisenti vya kununulia penseli au mkate wa njiani. Lakini nyuma ya vijisenti hivyo zipo pauni 800 alizokopeshwa na chama cha watu wa Umuofia. Chama kilitaka asome sheria, ili aje awatetee katika kesi zao za mashamba. Obi akasoma fasihi ya Kiingereza.

Baada ya miaka kama minne apokewa mjini Lagos. Katibu wa chama asoma risala ya Kiingereza kizito, chenye maneno ya kutisha. Obi, aliyevaa shati tu kwa sababu ya joto, ajibu kwa Kiingereza chepesi cha kila siku. Ukumbi wapoa. Hapa ndipo tafsiri yetu ya mazoea inapovunjika. Wenyeji hawakusikitika kwa kuwa Obi amegeuka Mzungu. Walisikitika kwa kuwa hakugeuka vya kutosha. Walimtuma akalete fahari, naye akarudi na shati.

Tangu hapo deni lamfuata. Kila mwezi anatakiwa kulipa chama pauni 20, kuwapelekea wazazi pauni 10, na kumsomesha mdogo wake John. Wakati huohuo aishi kama bwana mkubwa mwenye gari, maana hao hao wanaomdai wangeona aibu kumwona akitembea kwa miguu.

Mwalimu Nyerere aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kwa wenzake. Asiporudi na kitu, ni msaliti. Mfano huo wamhukumu Obi, nasi hatuna haki ya kumtetea: alijua ubaya wa rushwa, akaipokea. Ila riwaya yaongeza swali ambalo shule zetu hulikwepa: je, kijiji kilimtuma akalete nini? Umuofia haikuomba chakula cha wote. Iliomba wakili wa kushinda kesi na mtu mkubwa wa kujivunia. Mbegu ya rushwa ilikuwa imekwisha kupandwa katika maombi hayo.

Marejeo ya kweli hayakuwa Lagos, bali kitandani pa mama yake mgonjwa. Mama huyo aliapa kujiua iwapo mwanawe angemwoa Clara yeye angali hai, kwa kuwa Clara ni wa ukoo wa osu, watu waliotengwa na jamii kwa sababu wazee wao waliwekwa wakfu kwa miungu. Elimu yote ya Uingereza haikumpa Obi neno la kumjibu. Na mama alipofariki, kijana aliyeagwa na kijiji kizima hakwenda kumzika, alipeleka fedha.

Basi mwalimu anapoifundisha riwaya hii, asiishie kuwauliza wanafunzi Obi alisahau nini. Awaulize pia yale ambayo wao wenyewe waliambiwa nyumbani siku walipoagwa kwenda shule, na kama maneno hayo yalihusu kazi au ukubwa.