Nostalrius: jumba la makumbusho au nadharia?

Aprili 2016 seva ya Nostalrius ilizimwa baada ya barua ya wanasheria wa Blizzard, wenye gemu la World of Warcraft. Seva hiyo haikuwa rasmi. Iliendeshwa na watu wa kujitolea, na watu walicheza humo toleo la mwanzo, la kabla ya 2007. Waendeshaji walitaja akaunti hai 150,000. Mashabiki wengi huikumbuka kama jumba la makumbusho. Kazi ile naiheshimu sana, ila sifa hiyo siikubali.

Hebu tuangalie gemu kama hili linavyofanya kazi. Nusu yake ipo kwenye kompyuta yako: picha, sauti, ramani. Nusu ya pili ipo kwenye seva ya kampuni, nayo ndiyo inaamua adui anapiga kwa nguvu gani na akiuawa anarudi baada ya muda gani. Nusu hii wachezaji hawakuuziwa kamwe. Wajenzi wa seva binafsi huikisia kwa kuchambua data zilizopita mtandaoni, video za zamani na kumbukumbu za wachezaji. Ni kama kuonja pilau ya mtu halafu ukaenda kuipika kwako. Utakaribia sana, lakini vipimo vya viungo ni vyako wewe.

Kipimo kilikuja 2019. Blizzard waliandaa WoW Classic wakitumia data zao wenyewe za toleo 1.12, na wachezaji wa majaribio wakaripoti makosa chungu nzima. Kampuni ikalazimika kutoa orodha ya mambo ambayo si makosa. Tauren kuweza kupiga kutoka mbali kidogo kuliko wengine? Ndivyo ilivyokuwa. Aliyetiwa hofu kukimbia kasi? Ndivyo ilivyokuwa. Miaka ilikuwa imepita na watu husahau, sawa. Lakini aliyezoea nakala anaipima asili kwa nakala hiyo hiyo.

Je, basi kampuni ilikuwa sahihi? Hapana. Mwaka 2013 J. Allen Brack wa Blizzard aliwaambia mashabiki kwamba wanadhani tu wanalitaka gemu la zamani. Nostalrius ililijaribu dai hilo hadharani, na likaanguka.

Tatizo langu ni kwingine. Star Wars Galaxies ilifungwa Desemba 2011, na mradi wa SWGEmu unaijenga upya. Hapo hakuna toleo rasmi la kusahihisha, kwa hiyo kisio likikaa muda mrefu linageuka historia. Mtaalamu wa mambo ya kale akiziba chungu kilichovunjika huacha kiraka kionekane. Wajenzi wa seva nao wafanye hivyo: namba hii tumeipima, hii tumeikisia. Wakishafanya hivyo, hilo neno makumbusho nitalikubali bila ubishi.