Chimbuko la Mikao ya Yoga: Kitabu cha Mark Singleton

Msharika wa Majengo, hapa Dodoma, akimuuliza mchungaji kama ni dhambi kujinyoosha kwa mikao ya yoga, mara nyingi hujibiwa kwamba mikao hiyo ni ibada ya Kihindu ya tangu kale. Kitabu cha Mark Singleton, Yoga Body (2010), kinatikisa jibu hilo.

Mwandishi anaonyesha kuwa Vivekananda, aliyetoa Raja Yoga mwaka 1896, hakuithamini sana mikao ya mwili. Mikao ilishika nafasi ya mbele baadaye, wakati Wahindi waliotawaliwa na Waingereza walipotafuta miili yenye nguvu. Ndipo yalipoingia mazoezi ya viungo ya Ulaya: yale ya Per Henrik Ling, aliyeanzisha chuo Stockholm mwaka 1813, na ya Mdenmarki Niels Bukh. Miongoni mwa walioeneza mazoezi hayo India ni YMCA, chama cha vijana wa Kikristo! Miaka ya 1930 Krishnamacharya alifundisha katika jumba la mfalme wa Mysore, na wanafunzi wake, Iyengar na Pattabhi Jois, wakaipeleka yoga ng'ambo. Walutheri tuliohudumiwa pia na wamisionari wa Kiswidi na Kidenmarki tuna sababu ya kutabasamu.

Lakini kitabu kinaegemea mno maandishi ya Kiingereza. Hathabhyasapaddhati, andiko la Kisanskrit la karne ya 18, linaeleza mikao 112, mingine ya kutumia kamba. Singleton mwenyewe, pamoja na James Mallinson, alirudi kwenye maandiko ya kale katika Roots of Yoga (2017).

Tena asiwepo msomaji wa kuhitimisha kwamba yoga ni mazoezi matupu. Krishnamacharya alikuwa mcha Vishnu kwa dhati. Chimbuko peke yake haliamui maana ya tendo. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 10, aliruhusu nyama ya sokoni iliwe bila kuulizwa ilikotoka; lakini mtu akisema imetolewa sadaka, basi isiliwe, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema. Hapo ndipo mchungaji angeanzia: mwalimu wa yoga anatamka nini darasani, msharika anaitikia nini, na nani anamtazama? Maswali hayo Singleton hayajibu, wala hakuahidi kuyajibu. Kwa jirani yetu Mhindu, walau kitabu kinatuzuia kuitaja dini yake kwa mambo tusiyoyachunguza.