Mwandishi na Mzinga wa Gogo

Mwandishi wa habari anayetoka mji wa Kitui kuelekea Zombe, upande wa mashariki, hachelewi kuona mizinga ya magogo juu ya miti. Mhariri ataipenda picha hiyo, na maneno ya kuisindikiza yako tayari: ukale unaovutia, mila zilizobaki nyuma. Lakini msomaji aliye Mombasa au Mwanza atakuwa bado hajaambiwa kitu. Mwandishi stadi huanzia pale mwenzake anapoishia. Huuliza gogo limechongwa vipi, akaeleza kwamba hukombwa ndani hadi likawa wazi, likazibwa ncha zote mbili kwa vifuniko, na tundu likaachwa la nyuki kupitia. Hueleza kwamba huning'inizwa juu ili nyegere asilifikie. Kisha hutazama alama iliyotiwa ubavuni, ya mwenyewe au ya ukoo wake, ambayo kwa desturi ya Wakamba yatosha kumzuia mpita njia asiguse asali isiyo yake. Hapo msomaji ameona mali, sheria na maarifa ya watu, wala hakuhitaji kuelekezwa avutiwe.

Ustadi huo nausifu kwa moyo wote, kwa sababu umri wa jambo ni kipimo kibovu cha thamani yake, na mara nyingi hata umri wenyewe hukisiwa tu. Chukua vinyago vya Wakamba, vinavyosifiwa kila mara kuwa urithi wa tangu enzi za mababu. Biashara ya kuchonga vinyago ilianzia Wamunyu, Machakos, baada ya Vita Kuu vya Kwanza, pale Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika akiwa amejifunza kazi hiyo kwa mafundi wa huko. Kwa hiyo ni kazi ya karne moja hivi, na habari yake tamu ni jinsi mtu mmoja alivyoleta ujuzi ukaenea nchi nzima. Anayeandika "tangu enzi" anaifuta habari hiyo. Dharau nayo hupotosha vivyo hivyo. Mwaka 1937 afisa wa kikoloni Colin Maher aliandika ripoti iliyoiona ardhi ya Machakos kuwa inaangamia, na wakubwa wa wakati ule wakalaumu ukulima na ufugaji wa wenyeji. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko huo yalichimbwa na mwethya, vikundi vya kusaidiana kazi ambavyo Wakamba walikuwa navyo kabla ya mkoloni, na majembe mengi yalikuwa mikononi mwa wanawake. (Serikali ya kikoloni iliwahi kuifanya mwethya kuwa kazi ya lazima; wanavijiji wakairudisha kwenye hiari.) Kitui nako, mabwawa ya mchanga yanayotega maji kwenye mito ya msimu yamejengwa kwa nguvu za vikundi vya namna hiyohiyo. Mwandishi aliyeipita mwethya kama kisa cha wazee aliikosa habari kubwa ya kilimo ya Ukambani.

Kuna anayeweza kuuliza: je, mila zinazoumiza nazo zielezwe kwa upole huo? Zielezwe kwa ukamilifu, kwa kuwa upole sio ninaoutetea. Ukeketaji ulipigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, na mwandishi akiuita desturi iliyopitwa na wakati anadokeza kwamba ulikuwa na wakati wake. Msichana wa miaka 100 iliyopita aliumia sawasawa na wa leo. Aandike nani hukata, nani hulipa, nani huvuja damu, na sheria inasema nini. Kurasa za namna hiyo zinamtetea msichana kuliko neno "kizamani". Mwingine atasema gazeti halina nafasi ya maelezo. Mwaka mmoja na jina la mwenye kazi havichukui hata mstari, ilhali sifa za kupamba hujaza aya nzima bila kuongeza lolote.

Ninalowaomba wahariri wetu ni hili: mwandishi akileta makala kutoka Zombe yenye neno "kale", arudishiwe hadi aseme mila anayoieleza ni ya lini, ni ya nani, na inafanya kazi gani leo.