Maji ya Mzima Hunywewa Mara Mbili

Milima ya Chyulu, kusini mwa Kenya, haina hata mto mmoja wa kudumu. Mvua inayoiangukia huzama kwenye majivu ya volkano na mawe ya lava yenye matundu, ikasafiri chini kwa chini yapata kilomita 50, kisha ikaibuka Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, kwa kiasi kinachozidi lita milioni 200 kwa siku. Bomba hupeleka sehemu yake Mombasa, safari ya kilomita 220 hivi, kwa nguvu ya mteremko tu. Waliolijenga wanastahili sifa: maji ya mji hunaswa chini ya lava kabla hayajafika kwenye mabwawa ya Mzima, na kinachochukuliwa, takriban lita milioni 35 kwa siku, hakifiki sehemu moja kati ya tano. Mabwawa yakabaki na uhai wake. Kinyesi cha kiboko hulisha wadudu na konokono wa majini, hao huliwa na samaki, na samaki huliwa na mnandi na mamba.

Kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa bomba la pili, kubwa kuliko la kwanza, na hoja ya wanaolitaka si ya kupuuzwa. Mombasa ina kiu, maji huja kwa zamu, na anayeumia zaidi ni yule anayenunua kwa mtungi. Kwa nini basi maji safi kiasi hicho yaachwe yaishie baharini? Hesabu hiyo imeruka hatua. Maji ya Mzima huingia mto Tsavo, Tsavo hukutana na Athi na kuwa Galana, na Galana ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Huko Baricho, ukingoni mwa Sabaki, visima huchota maji yaliyojichuja kwenye mchanga wa mto, nayo hunywewa Malindi, Kilifi na Mombasa yenyewe. Kinachoitwa ziada kimekwisha kunywesha tembo na nyati njiani, kisha kikasaidia kuujaza mchanga wa Baricho. Sisemi kwamba bomba la pili halifai kwa hali yoyote. Nasema faida yake ihesabiwe baada ya kuondoa kile ambacho Baricho itapoteza, tena kwa vipimo vya kiangazi, maana wastani wa mwaka huficha miezi ile ambayo mto huitegemea chemchemi.

Hata bomba likibaki moja, mlinzi aliyesimama bwawani Mzima analinda mwisho wa safari ya maji tu. Wapo wanaoamini kwamba mwamba utayasafisha maji wenyewe. Mchanga huchuja vizuri kwa sababu maji hupenya punje kwa punje. Lava ina nyufa, na ufa hupitisha uchafu kama mfereji. Inakadiriwa kwamba maji hukaa ardhini miaka 25 hivi kabla ya kuibuka. Sumu itakayozama leo mlimani, iwe mafuta au dawa za shamba, huenda ikaonekana wakati waliohusika wamekwisha kustaafu, na hakuna namna ya kuirudisha ilikotoka. Wengine hudai kwamba miti hunywa maji mengi, hivyo msitu ukipungua chemchemi itaongezeka. Miti hunywa, ni kweli. Lakini msitu wa kileleni mwa Chyulu hukamata pia ukungu na kuudondosha ardhini, na mizizi yake huuacha udongo na matundu ili mvua izame. Udongo uliochomwa na kukanyagwa na mifugo hugandamana, na mvua hutiririka juu kwa juu. Tena maji peke yake hayatoshi kuyaweka mabwawa hai; malisho nayo yana uzito wake: katika ukame wa 2009 viboko wa Mzima walikufa kwa kukosa majani, ilhali maji yalikuwa bado yanatoka. Kabla ya kukata mtaro wa bomba jipya, vipimo vya mvua na vya kina cha maji viwekwe kwanza Chyulu kwenyewe, visomwe kwa miaka ya neema na ya ukame, na matokeo yake wapewe wafugaji wa Chyulu na wanywaji wa Mombasa kwa pamoja.